Historia ya migodi isianzie kwenye reli

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila nikisoma makala kuhusu migodi ya Afrika, stori inaanza palepale, akaja mzungu na ramani yake, ikafuata kampuni, ikajengwa reli, ndo madini yakaanza kuchimbwa, yaani kabla ya hapo ni kama watu walikuwa wamekaa tu wanaiangalia milima. Sasa nawaomba siku moja muandike habari za Ngwenya kule Eswatini, mgodi wa chuma wa zamani ambao siku hizi watu wanaenda kuuangalia kama makumbusho, uko kaskazini magharibi mwa Mbabane ndani ya hifadhi ya Malolotja, karibu kabisa na mpaka wa Afrika Kusini.

Ile stori ya reli ipo na ni ya kweli. Mgodi mkubwa ulifunguliwa 1964, reli ikajengwa kutoka hapo mlimani kukatiza nchi nzima mpaka Msumbiji, mzigo unashuka bandarini Lourenço Marques, ndo Maputo ya sasa, unapakiwa melini kwenda Japani kwenye viwanda vya chuma. Zilitoka kama tani milioni 20 hivi, mwishoni mwa miaka ya 1970 kazi ikaisha, likabaki shimo la kutisha lililojaa maji. Sawa, hiyo hata wanafunzi wanafundishwa.

Lakini juu ya hilo shimo, kwenye jabali, kuna pango linaitwa Lion Cavern, yaani Pango la Simba. Miaka ya 60 wanaakiolojia akina Raymond Dart na Peter Beaumont walifukua pale wakakuta nyundo na sululu za mawe, vipimo vya kaboni vikaonyesha watu walikuwa wanachimba hapo miaka kama 43,000 iliyopita. Utafiti mwingine uliotoka 2024, safari hii wakapima ni lini mchanga wenyewe uliona mwanga wa jua mara ya mwisho, ukasogeza mpaka kama 48,000! Hakuna mgodi mwingine unaojulikana duniani wa kuchimba ngeu, ule udongo wa rangi, kwa wingi kiasi hicho ambao ni wa zamani kuliko huo. Na wale watu chuma hata hawakukihitaji, walikuwa wanatafuta ngeu nyekundu na yale madini meusi yanayometameta, vya kujipaka mwilini na kwenye mambo yao ya ibada. Wataalamu walikadiria kwamba walitoa si chini ya tani 1,200, kwa mawe tu mikononi, hebu fikiria.

Afu ukisogea mbele, kwenye mwaka 400 hivi baada ya Kristo, wakaja wakulima wanaosema lugha za Kibantu, hao sasa ndo waliyeyusha mawe ya mlima huohuo wakapata chuma chenyewe, cha majembe na mikuki. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,500 kabla ya reli. Kwahiyo anayeandika kwamba uchimbaji wa Ngwenya "ulianza" 1964 amekosea kwa miaka elfu arobaini na kitu, hilo sio kosa dogo la uchapaji.

Kuna kitu kingine kinanikera. 2011 kampuni moja kutoka India ilirudi pale kuchakata malundo ya mabaki, bei ya chuma ilivyoporomoka 2014 wakafunga. Yaani mahali penye historia ya binadamu wote palirudi kuwa sehemu ya kazi, matingatinga na vumbi, hatua chache tu kutoka kwa yale mawe ya kale. Mimi sipingi ajira, watu wanakula, ila mtu angeuliza kwanza nini kinabaki. Ngwenya iko kwenye ile orodha ya UNESCO ya kusubiri kuwa urithi wa dunia tangu 2008 na kwenye orodha kamili bado haijaingia, sijui wanasubiri nini kingine cha zamani kuliko hicho.

Basi ombi langu Mhariri ni dogo, mkitenga kurasa za utalii au za historia tuwekeeni na picha ya lile jabali la Lion Cavern, sio kila siku picha ya shimo na mabehewa. Na mwandishi atakayetumwa asiishie kuzunguka shimo, aombe mwongozaji ampandishe mpaka pangoni, kwasababu huwezi kwenda mwenyewe, halafu atuandikie kwanza kuhusu wale wa nyundo za mawe, Wajapani wasubiri aya ya tatu.

Msomaji wenu wa siku nyingi