Barua ya malalamiko: fundi wenu alikata waya wa ethi kwenye mikseri yetu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kitengo cha Vifaa vya Muziki,
Dar es Salaam.

YAH: KUKATWA KWA WAYA WA ETHI, KUHARIBIKA KWA EFEKTI NA KUNYIMWA WARANTI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi mitambo wa kikundi cha taarab hapa Tanga, na naandika kwa idhini ya viongozi wangu.

Mikseri ya sauti tuliyonunua kwenu, ya chaneli 16 yenye efekti (za kuongeza mwangwi kwenye sauti) ndani yake, ilikuwa inavuma. Tuliomba fundi, mkamleta, na mvumo kweli akaupunguza. Alichofanya ni kufungua plagi, kukata waya wa kijani na njano, yaani ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, kuukunja, kuuzungushia utepe mweusi na kufunga tena. Kwenye karatasi ya huduma akaandika “tatizo limekwisha”. Sikuwepo siku hiyo. Karatasi ninayo, na muhuri wenu uko juu yake.

Mambo yalijulikana harusini. Mpiga besi aliinama kuitikia kwenye maiki ya jirani yake, mkono ukiwa kwenye nyuzi, akaruka nyuma akishika mdomo. Watu walicheka wakidhani ni mbwembwe. Ampu ya besi ilikuwa na ethi. Bodi ya mikseri, yaani kasha lake la chuma, na kupitia waya chuma cha maiki, havikuwa nayo. Nilipoweka mita kati ya bodi ya mikseri na ethi ya soketi, ilisoma zaidi ya volti 100.

Fundi wenu alipopigiwa simu alisema hiyo ni “shoti ndogo tu, haina madhara”. Naomba mumweleze yafuatayo, maana mimi hakunisikiliza. Ndani ya pawa ya mikseri kuna kapasita (vifaa vidogo vinavyoshika umeme) za kuchuja kelele, nyingine kati ya laivu, waya unaoleta umeme, na bodi, nyingine kati ya nyutro, waya unaourudisha, na bodi. Ethi ikiwepo, umeme mdogo unaopenya humo huteremka ardhini bila mtu kujua. Ethi ikikatwa, bodi nzima hubaki ikielea kwenye karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana mpiga besi wetu alichomwa tu. Lakini siku insuleta, kizuizi cha umeme, itakapopasuka humo ndani, bodi itakuwa laivu kamili. Kama ethi ingekuwepo, mkondo mkubwa ungepita na fyuzi ingekatika papo hapo. Isipokuwepo, bodi inamsubiri mtu. Na fyuzi haimlindi mtu huyo: swichi za usalama za majumbani huwekwa zikatike kwenye miliampia 30 kwa sababu kuanzia hapo moyo uko hatarini, ilhali hata fyuzi ndogo ya ampia 3 kwenye plagi zetu za pini tatu ni mara mia ya kiwango hicho.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kushika maikrofoni yenye hitilafu ya ethi. Nusu karne baadaye kampuni yenu inatuma mtu na koleo.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mvumo wenyewe ulikuwa na tiba ya bei rahisi. Mikseri ilichomekwa nyuma ya ukumbi, spika zenye ampu zikachomekwa kwenye soketi za jukwaani, laini nyingine kabisa. Ethi mbili za njia tofauti zikaungana kupitia waya wa sauti, na kitanzi hicho ndicho kilichokuwa kinavuma. Nilichomoa waya wa spika, kimya. Nikachomeka spika na mikseri kwenye ekstensheni moja, mvumo ukabaki wa kusikilizia kwa makini. Mliotuuzia waya ni ninyi, na mlituuzia za jeki zisizo balansi, yaani zisizojikinga na kelele, kwa umbali wa ukumbi mzima, wakati mikseri na spika zote zina matundu ya kanoni ya pini tatu. Kwa kinanda, kisanduku cha DI, cha kuunganisha ala na mikseri, kingetosha. Kina swichi ya kutenganisha ethi ya sauti, na ethi ya umeme inabaki mahali pake. Hizo ni ethi mbili tofauti. Fundi asiyezitofautisha asipewe koleo.

Sasa efekti. Kabla ya kufika kwenye plagi, fundi alisema mvumo unatoka kwenye efekti, akafungua mikseri ikiwa bado imechomekwa. Walioshuhudia wananiambia alikuwa anagusagusa huku taa zinawaka. Upande wa pawa, umeme wa 230 ukishageuzwa kuwa DC hufika volti 325 hivi, na kapasita huushikilia kwa muda hata baada ya kuchomoa. Alimaliza salama, tumshukuru Mungu. Tangu alipofunga, efekti hazitoi kitu: taa ya efekti inawaka ukiimba, lakini mwangwi haurudi, si kwenye spika wala kwenye hedifoni. Nimehakikisha kitufe cha kunyamazisha hakijabonyezwa, feda (kitelezi) ya kurudisha efekti iko juu, na swichi ya mguu imechomolewa. Nashuku utepe wa waya wa ndani haukurudi vizuri kwenye soketi yake.

Nilipoleta mikseri kaunta, nilijibiwa kwamba waranti imekufa kwa sababu stika ya muhuri imechanika. Ameichana nani? Jibu la pili likawa kwamba umeme wa Tanga unapanda na kushuka. Nyuma ya mikseri hiyo hiyo pameandikwa 100 hadi 240V, 50/60Hz.

Nisiache na hili dogo. Alipoondoka aliacha kitufe cha kupeleka efekti kwenye monita, spika inayomwelekea mwimbaji, kimefunguliwa hadi mwisho, akawaambia vijana “ndivyo wanavyofanya Dar”. Mwangwi ukirudi miguuni mwa mwimbaji unaingia tena kwenye maiki, na mluzi wake mnaujua. Wakati huo efekti hazifanyi kazi, kwa hiyo haikutudhuru. Ila ingekuwa nzima angetuharibia masikio pia.

Tunachodai: mlete waya mpya wa umeme wenye ethi, na fundi umeme mwenye leseni apime mikseri mbele yangu na kuacha vipimo kwa maandishi. Efekti zitengenezwe kwa gharama zenu, waranti irudishwe kuanzia siku ya matengenezo, na zile waya za jeki mzibadilishe kwa za kanoni. Kubwa kuliko yote, mpitie karatasi za huduma za fundi huyo na kuwapigia simu wateja wote aliowaandikia kwamba mvumo umekwisha, muwaambie wasitumie vifaa hivyo mpaka plagi zifunguliwe na kukaguliwa. Vikundi vya kwaya, kumbi, misikiti: wengi wao hawana mita.

Mikseri yetu nimeifungia stoo, na kazi zetu tunafanya kwa ya kukodi. Stakabadhi za kukodi nimeambatanisha pamoja na nakala ya karatasi ya huduma, picha ya plagi ikiwa wazi na picha ya mita. Plagi yenyewe ninayo jinsi alivyoiacha, sijabadilisha kitu ndani yake.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nakala ya barua hii na viambatanisho vyake nitavipeleka Tume ya Ushindani.

Wasalaam,

Fundi mitambo,
kwa niaba ya kikundi,
Tanga.