Hofu ya kushtakiwa isiwafungie mlango waliomaliza vifungo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sharti ambalo limekuwa la kawaida katika matangazo ya kazi hapa Uganda, hasa kazi za ulinzi, udereva, stoo na usaidizi wa nyumbani: kwamba mwombaji asiwe amewahi kupatikana na hatia ya kosa lolote. Nimefanya kazi ya utumishi viwandani hapa Jinja kwa miaka mingi, na kila nilipowauliza wenye mali sababu ya sharti hilo nilipewa jibu lile lile, kwamba mtu wa namna hiyo akimdhuru mteja au akiiba mali ya watu, atakayeburutwa mahakamani ni mwajiri. Hofu hiyo ina msingi, lakini naona imeelekezwa pasipo pake, na wako watu wanaokosa riziki kwa sababu hiyo.

Katika nchi zinazofuata misingi ya sheria ya Uingereza, Uganda ikiwamo, mwajiri hubeba dhima ya kosa alilolitenda mwajiriwa wake akiwa katika shughuli za kazi, hata kama mwajiri mwenyewe hakukosea lolote. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililieleza jambo hilo waziwazi mwaka 1967 katika kesi ya Muwonge dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, iliyohusu mtu aliyeuawa kwa risasi ya polisi wakati wa ghasia. Serikali iliwajibishwa ingawa askari yule alifyatua bunduki ovyo, kwa kuwa alikuwa akitekeleza kazi aliyopewa. Zamani zaidi, mwaka 1912, Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, liliamua katika kesi ya Lloyd dhidi ya Grace, Smith & Co. kwamba ofisi ya mawakili impe haki yake mwanamke mjane aliyetapeliwa mali na karani wa ofisi hiyo, ijapokuwa karani alikuwa akijitafutia faida yake mwenyewe. Dhima katika kesi zote mbili ilitokana na uhusiano wa tendo na kazi, wala haikutegemea kama mtendaji aliwahi kufungwa.

Maana yake ni kwamba mwajiri ambaye wafanyakazi wake wote wana vyeti safi anabeba dhima hiyo hiyo kama jirani yake aliyemwajiri mtu aliyetoka gereza la Luzira. Cheti cha tabia njema kinachotolewa na ofisi ya Interpol ya Polisi ya Uganda kinaeleza yaliyomo katika kumbukumbu siku kilipotolewa, na barua ya mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, inaeleza yale ambayo mwenyekiti anayajua au anakubali kuyasema. Hati hizo zina faida, lakini hazimsimamii mtu ghalani saa nane za usiku. Kazi hiyo ni ya mwajiri.

Rekodi ya mwombaji huwa na uzito katika dhima ya aina ya pili, yaani uzembe wa mwajiri mwenyewe katika kuchagua na kusimamia. Hapa mlalamikaji husema: ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba mtu huyu ni hatari katika kazi hii, nawe ukampa. Neno zito ni hilo la kazi hii. Aliyefungwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa kizembe ana rekodi inayomhusu sana mwenye mabasi, na haimhusu kwa kiasi hicho mwenye karakana ya useremala. Mhasibu aliyeiba fedha za mwajiri wake wa kwanza asikabidhiwe sefu ya mwajiri wa pili bila uangalizi, lakini anaweza kuendesha mtambo wa kusaga mahindi. Kwa shule, vituo vya watoto na nyumba zenye wazee wasiojiweza, mimi ni mkali zaidi kuliko wengi: aliyetiwa hatiani kwa kumdhulumu mtoto asipewe kazi yoyote inayomkutanisha na watoto, hata miaka ipite mingi namna gani.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba sheria zetu wenyewe zimekwisha kukubali kuwa hatia ina muda wake. Ibara ya 80 ya Katiba ya mwaka 1995 inamzuia kugombea ubunge mtu aliyepatikana na hatia ya kosa la kukosa uaminifu au la uovu wa maadili ndani ya miaka 7 kabla ya uchaguzi. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inamwondolea aliyetiwa hatiani kwa makosa ya rushwa yaliyotajwa humo sifa ya kushika wadhifa wa umma kwa miaka 10. Basi mtu aliyeiba akiwa na umri wa miaka 20 anaweza, miaka ikitimia, kuomba kura na kutunga sheria za nchi, huku akikataliwa kazi ya kupakia magunia! Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, inapotaja misingi ya ubaguzi iliyokatazwa kazini, kama vile jinsia, dini, ulemavu na hali ya VVU, haitaji hatia ya zamani, kwa hiyo anayekataliwa hana pa kushika. Wapo pia waliokaa rumande kisha wakaachiwa bila kupatikana na hatia yoyote, nao hutajwa mitaani kuwa ni wafungwa; hao Katiba inawahesabu kuwa hawana kosa.

Nchi nyingine zimeishughulikia hofu ya waajiri kwa kuitungia sheria. Uingereza tangu mwaka 1974 ina sheria inayoihesabu hatia nyingi kuwa zimekwisha baada ya muda fulani, isipokuwa kwa kazi nyeti kama zile za watoto. Jimbo la New York linamtaka mwajiri apime uzito wa kosa, muda uliopita na majukumu ya kazi inayoombwa, na tangu mwaka 2008, kwa mwajiri aliyepima hivyo kwa nia njema, mahakama huanza na dhana, inayoweza kupingwa, kwamba rekodi ile isitumiwe kama ushahidi katika kesi ya uzembe wa kuajiri. Texas nayo ilipitisha mwaka 2013 sheria inayosema mwajiri asishtakiwe kwa sababu tu amemwajiri mtu mwenye hatia, ila kinga hiyo haimfikii, miongoni mwa wengine, aliyejua au aliyepaswa kujua kwamba kosa la kwanza lilitendeka katika kazi inayofanana na hii ya sasa.

Naliomba Shirikisho la Waajiri wa Uganda na NOTU, muungano wa kitaifa wa vyama vya wafanyakazi, wapeleke bungeni pendekezo la pamoja la kurekebisha Sheria ya Ajira: hatia isiyohusiana na kazi isiulizwe baada ya miaka itakayotajwa, kazi za watoto na watu wasiojiweza zibaki na masharti yake, na mwajiri aliyeandika katika faili kosa, tarehe yake, sababu za kumkubali mtu na jinsi atakavyomsimamia, asihesabiwe kuwa mzembe kwa kumwajiri tu. Kwa mhanga haki ya kulipwa fidia kwa yaliyotendeka kazini ibaki kama ilivyo.

Afisa utumishi mstaafu,
Jinja