Tajiri hana wa kumwambia hapana

Mhariri,

Hapa soko la Kibuye, Kisumu, ninapouza mahindi na maharagwe story siku hizi ni moja tu, ati 2027 tuachane na vyama kabisa, tutafute tajiri ambaye ashaendesha jiji kubwa asimame urais kama mgombea huru, na kila anayetaka kushinda huo mjadala anataja Michael Bloomberg, yule bilionea aliyekuwa meya wa New York. Ati ana pesa zake hawezi iba. Ati hana deni la mtu. Jirani yangu anayeuza omena ndiye anaisukuma sana, na huyo mama namheshimu juu anasoma magazeti kuliko wengi wetu, lakini kwa hili siko naye, na nimeona heri niandike kuliko tubishane mbele ya wateja.

Kwanza nimpe Bloomberg haki yake. Alikuwa meya miaka 12, kuanzia Januari 2002 mpaka mwisho wa 2013, na mshahara alichukua dola 1 kwa mwaka. Aliingia miezi michache tu baada ya yale majengo mawili marefu ya mji huo kuangushwa na magaidi Septemba 2001, mji umevunjika moyo, na ukasimama tena. Alianzisha namba moja ya simu, 311, mtu akiona taka haijazolewa ama bomba limepasuka anapiga hio hio tu (hapa Kisumu tungefurahia hio peke yake). Vyama alihama, kweli, alikuwa Democrat, 2001 akaenda Republican ndio apate tiketi ya umeya, Juni 2007 akatoka akawa huru, na hapo ndipo Marekani ikaanza kuuliza kama atasimama urais 2008 bila chama. Februari 2008 akasema hasimami.

Sasa angalia alichofanya baadaye mwaka huo huo, maana hii watu wa Kibuye hawaitaji kabisa.

Sheria ya New York ilikuwa meya ni mihula miwili. Wananchi wenyewe walipiga kura ya maoni 1993 wakasema miwili, wakaulizwa tena 1996 wakarudia jibu lile lile. Muhula wa pili wa Bloomberg ulikuwa uishe 2009. Uchumi ulipoanza kuanguka hio 2008 akasema mji bado unamhitaji, na badala ya kurudi kwa wananchi walioweka sheria akaenda kwa madiwani, Oktoba wakapiga kura 29 kwa 22, muhula wa tatu ukaruhusiwa, na madiwani nao wakajipatia nafasi ya kuendelea. Halafu akamwaga zaidi ya dola milioni 100 zake kwa kampeni na akashinda kwa tofauti ambayo haikufika hata pointi 5. Mkenya mwenzangu, hii kitu unaijua. Sisi tulikaa chini ya rais mmoja miaka 24, watu wakapigwa wakafungwa mpaka mihula miwili ikaingia kwa sheria, na mpaka leo mwanasiasa akithubutu kusema tuongezee rais miaka nchi inawaka.

Na hapo alikuwa huru, hana chama. Angekuwa ndani ya chama kuna wenzake ambao walikuwa wanangojea zamu, wangemwambia mzee sasa inatosha tupishe. Mimi vyama sivipendi, naishi Kisumu, najua nominesheni ni nini, najua venye tunaambiwa tupige suti nzima kutoka juu mpaka chini hata kama hapo katikati kuna mtu hatumtaki. Lakini kwa chama kuna watu wanaokitaka hicho kiti, na tamaa yao inakuchungia rais bila hata wao kukusudia. Tajiri aliyejisimamisha, mashirika ya mji yanakula misaada kutoka mfukoni mwake, kampeni ni yake, washauri analipa yeye, ni nani hapo atafungua mdomo?

Vijana wetu wangeumia zaidi. Mwaka wa 2011 peke yake polisi wa New York walisimamisha watu barabarani na kuwapekua zaidi ya mara 685,000, wengi sana wakiwa vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini, na karibu 9 kati ya kila 10 waliachiliwa tu bila kosa lolote. Meya aliitetea hio kazi miaka na miaka, mpaka Agosti 2013 jaji akasema venye inafanywa inavunja katiba. Msamaha aliomba Novemba 2019, wiki moja kabla ya kutangaza anataka urais. Mimi nina kijana wa miaka 19 anayetoka kazini usiku akipitia Kondele, na kila siku silali mpaka nisikie mlango. Sitaki rais ambaye inabidi atake kura ndio aone kwamba kijana wangu alisimamishwa bure.

Mtu ataniambia hio ni Marekani, huko mambo ni tofauti. Sawa, tuje Afrika, twende Madagaska, juu wao walishafanya hii kitu tunayoiota. Marc Ravalomanana alianza kwa kuuza maziwa ya mgando, akajenga kampuni kubwa ya Tiko, 1999 akachaguliwa meya wa Antananarivo, mji ukaonekana msafi, Desemba 2001 akasimama urais dhidi ya Didier Ratsiraka, aliyekuwa rais wakati huo. Hakuwa amelelewa na chama kikubwa chochote, chama chake rasmi cha kitaifa kilikuja baadaye akiwa ashaingia. Matokeo yakabishaniwa, nchi ikakaa miezi na serikali mbili, mwishowe 2002 akakaa yeye. Barabara zilijengwa, hilo hata maadui zake wanakubali. Lakini taratibu ikawa huwezi jua serikali inaishia wapi na Tiko inaanzia wapi, wafanyabiashara wengine wakalia kwamba kampuni ya rais inapendelewa. Desemba 2008 serikali yake ikafunga kituo cha televisheni cha meya mpya wa mji ule ule, Andry Rajoelina, naye kijana wa biashara. Watu wakaingia barabarani, Februari 2009 walinzi wakafyatulia umati risasi mbele ya ikulu na watu wengi wakafa, Machi jeshi likamsukuma nje na nani akawekwa kwa kiti? Rajoelina, yule meya. Meya tajiri katolewa na meya tajiri. Na Oktoba 2025 Rajoelina naye, akiwa amerudi madarakani, alikimbia baada ya vijana kuchoka na kukosa maji na stima na jeshi kuwaunga mkono. Nikisoma hizo habari nawaza tu wale mama sokoni Antananarivo, mara ngapi wamefunga biashara juu ya wakubwa wawili.

Kwetu sheria inaruhusu, katiba ya 2010 kifungu cha 137, mgombea huru anahitaji sahihi za wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti kwa kaunti zaidi ya nusu, yaani angalau 24. Tajiri hio anaipata. Mwaka wa 2017 walikuwa watatu kwa karatasi ya urais, Joseph Nyagah, Japheth Kaluyu na Michael Wainaina, ukiwajumlisha hawakufika asilimia 1. Ukishinda nayo ndio shida inaanza, uliza Meru. Kawira Mwangaza alishinda ugavana 2022 kama mgombea huru, akaangusha watu wenye vyama vikubwa, hata miezi minne haijaisha madiwani washapiga kura kumng'oa, seneti ikamwokoa mara mbili na ya tatu, Agosti 2024, ikakubali aende. Sisemi hakuwa na makosa. Nasema kwa bunge la kaunti hakuwa na kikosi chake, na rais bila wabunge wake atapitisha bajeti kwa kununua mmoja mmoja, na tajiri ndiye mwenye uwezo wa kununua.

Bloomberg mwenyewe hio hesabu aliijua. 2016 alipofikiria tena kusimama huru aliacha, akaeleza kwamba wagombea watatu wakigawana kura na mtu asipate nusu ya kura za wajumbe wa majimbo basi rais anachaguliwa na Kongresi, yaani bunge lao, si wananchi. 2020 akajaribu kupitia Democrat, akatumia zaidi ya dola bilioni 1, akashinda American Samoa peke yake, visiwa vidogo tu vilivyo chini ya Marekani.

Na tafadhali nisieleweke vibaya, mimi sipingi mgombea huru. 2017 nilikuwa ajenti wa mmoja, alikuwa anataka udiwani, hana chama na hana kitu, gari lake la kampeni lilikuwa boda ya shemeji yake. Tulimchangia sisi wa soko, huyu shilingi 50, huyu 100, kuna mzee alileta kuku. Kila Jumamosi jioni alikuwa lazima aje akae kwa gunia langu aeleze pesa imeenda wapi, na siku moja alipochukua pesa ya mabango akalipia sherehe ya mtu, mama wa omena, huyu huyu ninayebishana naye leo, alimsomea mbele ya watu wote mpaka akazirudisha. Alishindwa, tena vibaya. Lakini sijawahi kuwa na mwanasiasa ninayeweza kumuuliza kitu kama nilivyomuuliza yule, na ilikuwa ni juu alihitaji shilingi 50 yangu.

Kwa hivyo mama, najua utaisoma hii kabla ya mimi kufungua duka. Wakija Kibuye na karatasi za huyo tajiri wako usiniletee ya kusaini. Nitasaini siku ile mtu wake atakuja kwa gunia langu kuniomba mchango, akae, nimuulize.

Muuza nafaka,
Kibuye, Kisumu