Kwa vijana wa kanisa letu Kisauni: maombi ya simu hayatoshi

Wanangu wa ushirika wa vijana,

Bwana Yesu asifiwe. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Pasaka, na kila Jumapili nikiwaona mmesimama mbele mnaimba vizuri vile, linanikaba zaidi. Leo nalitoa.

Dada yenu wa kwaya, jina silitaji na nyote mnamjua, mtoto wake alilazwa na homa ya mapafu. Jioni ile aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba hali ya mtoto ni mbaya na yuko peke yake. Na mimi nimo humo, nilisoma. "Pole sana dada." "Tunakuombea." "Mungu ni mwaminifu." Vile vimikono vya kuomba vikafuatana mpaka kidole kinachoka kusogeza. Halafu mmoja wenu akaleta habari za fulana za kongamano, rangi gani, nani hajalipa, na mtoto wa watu akasahauliwa hapo hapo.

Kesho yake nilipofika wodini, aliyekuwa ubavuni mwa kitanda na chupa ya uji ni jirani yake, mama wa Kiislamu wanayepanga naye nyumba moja. Alikuwa amelala naye pale usiku kucha. Ametoka kuswali, amemshika mtoto ili mamake apate kuoga. Aliniamkia shikamoo, akanipisha kiti. Nikamuuliza kama kuna yeyote wa kanisani aliyefika. Akainamisha macho, akasema, "Labda watakuja, mzee." Kwa ile heshima yake ya kutusitiri, sikujua uso niuweke wapi.

Hilo moja. Lililoniudhi zaidi bado sijalisema.

Dada yenu ni mama karanga, muuza samaki wa kukaanga. Mumewe alipoachishwa kazi ya udereva wa trela, karai ndilo lililobeba nyumba ile. Anachukua samaki asubuhi, jioni anakaanga kando ya barabara, wa kubaki wanaingia kwenye friza, kesho biashara inaendelea. Bila friza, joto la Mombasa lenyewe mnalijua, samaki wa leo kesho ni wa paka. Mwezi wa pili akaja mtumishi kutoka mbali, hema likapigwa uwanjani, vipaza sauti mpaka saa sita za usiku. Akahubiri mjane wa Sarepta. "Toa cha mwisho ulicho nacho, na mwezi huu hauishi kabla mumeo hajaitwa kazini." Namba ya kutuma pesa iko kwenye bango, kubwa kuliko jina la Yesu. Yule mama akarudi nyumbani, akauza friza, akapanda mbegu, yaani pesa zote akampa mtumishi. Mwezi ukaisha. Mtoto alipougua hakukuwa na hata nauli ya tuktuk.

Na walioimba jukwaani siku zile, walioshika vikapu, waliomshangilia alipopita mbele na pesa zake, ni akina nani? Ni nyinyi, wanangu. Wengine wenu mlijua kauza nini.

Basi tufungue Biblia, na tusome mpaka mwisho. Eliya alimwomba mjane wa Sarepta mkate, kweli. Kisha Eliya akakaa. Alikaa katika nyumba ile ile, njaa ile ile, wakila wote unga wa pipa lile lile siku nyingi. Mwana wa mjane alipokufa, nabii ndiye aliyempokea kifuani mwa mamake, akampandisha chumbani mwake, akamlaza kitandani pake mwenyewe, akamlilia Mungu. Mtumishi wenu yuko wapi? Hema lilikunjwa Jumatatu. Simu yake inapokewa na msaidizi.

Nendeni 2 Wafalme 4. Mjane mwingine, ana deni, mwenye kumdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza, una nini nyumbani? Ana chupa ya mafuta tu. Yakaongezeka, vyombo vikajaa. Na alipokwenda kumwambia nabii, akaambiwa nini? Uza mafuta, lipa deni lako, wewe na wanao mkaishi kwa kilichosalia. Basi. Elisha hakusema lete fungu langu.

Na yule mjane wa senti mbili, ambaye kila mwenye kutaka michango anamkimbilia, yuko Marko 12 kuanzia mstari wa 41. Mbona hawaanzii mstari wa 40? Hapo Bwana anawakemea wakuu wa dini wanaokula nyumba za wajane na kwa unafiki wanasali sala ndefu. Ndipo anaketi kuelekea sanduku la hazina, na mjane anapita. Mimi natoa fungu la kumi na nitalitoa mpaka nife. Lakini sadaka inayomwacha mtoto bila dawa ili mhubiri apate mafuta ya gari, hiyo msinitajie jina la Mungu juu yake.

Msidhani nakuza mambo. Sisi ni watu wa Pwani. Mwaka 2023, hapo Kilifi tu, msitu wa Shakahola ulifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wengi miongoni mwao, watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Hawakuamka siku moja wakaingia msituni. Kwanza walizoea kwamba neno la mtumishi halihojiwi. Kijana anayeogopa kuuliza, "Mchungaji, mama huyu atakula nini kesho?" tayari ameshaanza safari hiyo.

Najua na nyinyi mmebanwa. Wengine mna vyeti na mnabeba magunia sokoni Kongowea, wengine mnaendesha bodaboda ya mtu, wengine dada zenu wako Ghuba na hamlali usingizi. Siwalaumu kwa umaskini. Mji huu umeumizwa. Mwaka 2019 ilipoamriwa mizigo ya bandarini ipandishwe reli ya SGR kwenda bara, tuliona malori yakilala Miritini na Changamwe, gereji zikifungwa, mama lishe wa Mariakani wakikunja meza. Mwaka 2022 shughuli za kuondosha mizigo zikarudishwa Mombasa, lakini aliyeuza lori lake halikumrudia. Na wanaotuamulia hayo ndio wanaokuja na bahasha nene Jumapili, wanapewa kipaza sauti. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa pesa za Rais, mimi Mwanglikana nilimshukuru Mungu kwa ajili yao.

Shida si mpya kwa kanisa la Pwani. Nyinyi mnaopita Kengeleni kila siku, ile kengele ni ya Frere Town, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Na kule Rabai, miaka ya 1880, watumwa watoro walikimbilia misheni, na William Jones, kasisi aliyekuwa ameonja utumwa mwenyewe, akawapokea. Wenye watumwa walikasirika, walidai watu wao, hatari ilikuwa ya kweli. Kanisa halikuwaambia watoro "tunawaombea" likafunga mlango. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru. Huo ndio ufuasi tuliorithi.

Mengine nayataja tu, maana nimeshasema mengi. Mtu akifiwa au akifukuzwa kazi, msimtafutie dhambi wala laana ya ukoo. Marafiki wa Ayubu walifanya vyema siku saba walizokaa kimya, wakaharibu walipofungua mdomo. Dawa za presha, za sukari, za virusi, mtu asiziache kwa sababu ameombewa. Anayesema hataki kuishi apelekwe hospitali, na mtu abaki naye. Michango isisomwe majina na viwango, kuna watu wameacha kuja kanisani kwa aibu hiyo. Na ombeni, wanangu, ombeni sana, kisha vaeni viatu.

Sasa kazi. Mtoto amepona, Mungu apewe sifa, lakini bili imebaki kwa sababu michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, ilikuwa haijalipwa. Mweka hazina aniletee hesabu ya pesa za fulana. Kongamano tutavaa nguo tulizo nazo. Pesa hizo zitangulie kwenye bili, na kitakachobaki, pamoja na changu na cha wazee wenzangu, kinunue friza. Nimeshaona moja ya mtumba Kongowea, inagandisha vizuri.

Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, wasichana wawili waende kwa jirani yule wamshukuru, wasiende mikono mitupu, na wasimhubirie. Wavulana mwende kwa mume wa dada yenu. Tangu Krismasi hajakanyaga kanisani na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Biblia ziacheni nyumbani siku hiyo. Kaeni naye barazani, mkamsikilize, na mwenye kujua kampuni inayotafuta dereva mwenye leseni ya trela amwambie pale pale.

Atakayeshindwa kufika anipigie, namba yangu mnayo.

Ni mimi babu yenu,
mzee wa kanisa, Kisauni