Wakikuuliza kwa nini ulisoma kozi hiyo: barua kwa wahitimu wanaosubiri usaili

Wanangu,

Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili miaka mingi, kwanza serikalini, baadaye benki, na sasa nimestaafu. Naweza kusema bila kumwogopa mwenyekiti wa jopo. Kuna swali linawababaisha hata waliofanya vizuri kwenye mchujo: "Kwa nini ulisoma kozi hii?"

Majibu yenu yanafanana. "Niliipenda tangu utotoni." "Ina soko." Jamani, hakuna mtoto wa darasa la tatu aliyeota Ununuzi na Ugavi, na jopo linalijua hilo.

Ukweli wa wengi wenu ni mwingine, na hauna aibu. Mchepuo wa kidato cha tano ulishafunga milango kadhaa. Wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) walitaka udaktari, ushindani ukawazidi, wakaingia Lishe au Kilimo. Wakubwa wenu walioomba vyuo kati ya 2010 na 2016 walipitia mfumo mmoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Mtu aliorodhesha kozi zake akajikuta amepangiwa ile ya mwisho. Wengine walifuata kozi zinazotangulizwa na Bodi ya Mikopo, maana bila bumu, yaani fedha ya mkopo, wasingefika hata geti la chuo. Semeni hivyo kwa sentensi moja, kisha msonge mbele. Ukisema "nilipangiwa tu" ukanyamaza, umetuachia tumalizie wenyewe, na tutamalizia vibaya.

Namkumbuka kijana wa Jiografia na Mazingira aliyeomba uafisa mikopo. Mjumbe mmoja akamtania, "Utakuja kutuchorea ramani?" Akatabasamu, akasema aliomba Uchumi, alama hazikutosha. Kisha akatueleza mafunzo yake ya vitendo Mtwara, alivyozunguka kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, msimu wa korosho. "Mkulima yule fedha yake inaingia baada ya minada, kuanzia Oktoba. Mkimpangia marejesho ya kila mwezi, ikifika Aprili mtamwita mdaiwa sugu, na mtu mwenyewe hana ukorofi wowote." Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akaanza kumuuliza habari za stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi. Mambo ya ramani hayakutajwa tena.

Basi kabla ya usaili, fungua transkripti yako taratibu. Tafuta somo, utafiti wa mwaka wa mwisho au wiki za fildi zilizokuonyesha jambo linaloigusa kazi unayoomba. Moja linatosha. Lakini liwe la kweli, kwa sababu transkripti hiyo hiyo iko mezani kwetu. Ukitamba kwamba takwimu ndiyo roho yako, na sisi tunaiona D ya takwimu pale, unadhani nini kitafuata? Tena huenda mjumbe mmojawapo amesoma kozi hiyo hiyo, na huyo ndiye mkali kuliko wote.

Kwa nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira msijichoshe sana na hili. Tangazo lenyewe limeshataja shahada inayotakiwa, na maswali mengi yatahusu kazi. Swali hili lina meno kwenye kampuni na mashirika yanayopokea shahada yoyote, kwa sababu huko mwajiri anapima mambo mawili: unaamuaje mambo yako, na je, utaondoka baada ya miezi sita kwenda kutafuta kile ulichokitaka tangu mwanzo.

Ndiyo maana nawasihi msiiponde kozi yenu, wala chuo. Nimesikia kijana akisema shahada yake "haina maana yoyote" akidhani anaonyesha unyenyekevu. Mtu aliyekaa miaka mitatu kwenye jambo asiambulie chochote, nani atamkabidhi ofisi?

Suala la lugha nalo lisiwaponze. Wengi mnakariri jibu kwa Kiingereza, likitoka kama shairi la shule. Mwenyekiti akidakia kwa Kiswahili, "Hebu fafanua hapo," mnapotea. Jizoezeni kulieleza kwa lugha zote mbili, mkimweleza mtu asiyejua kozi yenu inahusu nini. Mama mzazi anafaa sana. Yeye hataitikia kwa adabu tu kama hajaelewa.

Na wakiuliza, "Ungeanza upya, ungesoma nini?" unaruhusiwa kutaja kozi nyingine. Ila uwe tayari kusema umeshaanza kujifunza nini kuihusu, maana ndilo swali litakalofuata.

Mzee wenu,
Afisa utumishi mstaafu, Morogoro