Kabla ya kununua fimbo mpya, fungueni nyonga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaoanza kucheza gofu.

Niliingia uwanjani nikiwa mfyeka nyasi, nikawa kedi, nikabeba mikoba ya watu kwa miaka 16, na huu ni mwaka wa saba nafundisha wanaoanza. Kuna jambo linaniuma. Mtu akipiga mpira ukapinda kulia, lawama zote ni za fimbo. Wiki inayofuata anakuja na fimbo mpya ambayo bei yake ingelipa ada ya mtoto, na mpira unapinda vilevile.

Mwaka jana nilimpokea mama mmoja mhasibu, umri miaka 48. Kwa miezi miwili nilimwambia yale niliyorithi kwa walionitangulia: nyoosha mkono wa kushoto, tazama mpira, geuka zaidi. Alijitahidi mno, mpaka kiuno kikaanza kumuuma. Siku moja nikamkalisha kwenye benchi, magoti ameyabana, fimbo nimempitishia mabegani, nikamwambia, "Mama, geuka kulia bila kusogeza makalio." Mwenye mgongo huru hufika nyuzi 45. Yeye hakufika hata 20. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nauomba mwili wake kitu usichokuwa nacho. Kosa lilikuwa langu, na nilimwomba radhi.

Swingi, yaani ule mzungusho wa fimbo wa kupiga mpira, haizaliwi mikononi. Inaanza ardhini, inapanda miguuni, inapita nyongani na kifuani, ndipo inafika mikononi na mwisho kwenye fimbo. Fimbo inapokwenda nyuma, mabega hugeuka karibu nyuzi 90 na nyonga kama nusu yake. Pingili za kiuno hazikuumbiwa kuzunguka sana. Kazi hiyo ni ya nyonga na mgongo wa juu. Hivyo viwili vikikakamaa kwa kukaa ofisini kutwa, na jioni kukaa tena kwenye foleni, kiuno kinabebeshwa mzigo usio wake. Mikono nayo inakimbilia mbele, fimbo inaukata mpira kutoka nje kuja ndani, na mpira unakwenda kulia. Anayebisha akamtazame kijana anayefyeka nyasi kwa fyekeo tangu asubuhi hadi mchana. Angetumia mkono peke yake asingemaliza hata nusu saa. Anageuka mwili mzima.

Basi tuliweka fimbo chini wiki sita. Kugeuka kwenye benchi, mara kumi kila upande. Kulala chali na kuinua makalio. Kusimama kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa, mpaka ahesabu 20. Kuinama kutoka nyongani huku mti wa ufagio ukigusa kisogo, katikati ya mabega na kifandugu. Hili lilimtoa jasho kuliko yote, maana mti ulikuwa ukiachana na mgongo kila akiinama. Mwishoni tukaongeza kurusha mpira wa kilo 3 ukutani kwa ubavu.

Alipoishika tena fimbo namba 7, mpira uliokuwa ukiangukia kwenye mwarobaini ukaupita. Bado unapinda siku nyingine, lakini kiuno kimetulia.

Wapo wanaosema mazoezi ya viungo huharibu swingi. Mcheza gofu Gary Player wa Afrika Kusini aliambiwa hivyohivyo alipokuwa akinyanyua vyuma, na alishinda mataji makubwa tisa kati ya 1959 na 1978.

Mhariri, kurasa zako za michezo hutuambia nani kashinda na kwa mikwaju mingapi. Nakuomba utenge kona ndogo, yenye picha, ya mazoezi haya. Viongozi wa klabu nao wawape wanaoanza mwezi wa kwanza wa kuandaa mwili, na mwenye maumivu ya mgongo amwone daktari kwanza. Ni dakika 15 kwa siku, na ule mpira wa kilo 3 ni mpira wa miguu uliochakaa, nimeutia mchanga kiasi nikaushona. Mpiga picha wako akitaka kuja, nipo uwanjani kila Jumamosi saa 12 asubuhi.

Kedi wa zamani,
Dar es Salaam