Jumapili: Nyali hadi Kilifi na kurudi kwa baiskeli

Wanakikundi, hamjambo. Tukutane saa kumi na moja alfajiri mwisho wa Daraja la Nyali, upande wa Nyali. Bado ni giza, kwa hiyo asiye na taa nyekundu nyuma haondoki nasi.

Kwenda ni zaidi ya kilomita 50. Kusi, upepo utokao kusini, itatusukuma, kisha itatupiga usoni tukirudi. Anayejifanya shujaa asubuhi ndiye tunayemsubiri Kikambala. Mbele ya msururu kaa dakika tano tu, angalia nyuma, jitoe, rudi mkiani. Mwendo ni wa aliye mwisho.

Beba tyubu mbili za saizi ya tairi yako. Wenye vali nyembamba wabebe adapta, maana pampu za vituo vya mafuta haziwaingii. Pancha nyingi barabara hii ni nyaya za tairi za malori zilizopasuka: kabla ya kuweka tyubu mpya, papasa ndani ya tairi polepole. Waya ukibaki, utatoboa hiyo pia baada ya mita chache.

Maji lita moja na nusu, tutajaza Mtwapa. Mahamri na mbaazi ni wakati wa kurudi, si kabla!

Thibitisheni kufikia Ijumaa jioni.